Mstari wa Sikio la Kulia

Jumamosi ile, saa sita mchana, mtaa wa vifaa vya umeme ulikuwa umefurika watu utadhani redio zinagawiwa bure. Kila duka limetoa spika mlangoni, kila spika inapiga wimbo wake, na kila muuzaji anapiga kelele juu ya spika yake mwenyewe. Katikati ya vurumai hiyo alikuwa anapita dada mmoja, gauni la kijani limemkaa kiunoni kama alizaliwa nalo, mkoba kaubana kwapani, vidole viwili kavitia masikioni. Waliomwona walisema anaringa. Wala. Kazi ya dada huyu ilikuwa kupima masikio ya watu, chumba namba saba, ghorofa ya pili ya kliniki, na mtu wa kazi hiyo hawezi kupita mtaa ule masikio wazi. Alifuata betri, zile ndogo kama punje za dengu, za vifaa vya kusikilizia.

Alipofika duka la kona, kitu kikalipuka. Spika kubwa kama kabati la nguo ilitoa mlio wa gita mkali, mpaka kioo cha kaunta kikatetemeka na mtoto mgongoni mwa mama mmoja akaanza kulia. Na mbele ya spika hiyo, hatua moja tu, amesimama kaka mmoja mrefu, mwembamba, shati jeusi vifungo viwili wazi, amefumba macho, anamwambia muuzaji, "Ongeza!"

Mpimaji hakuomba ruhusa. Alipenya, akanyoosha mkono, akazungusha sauti mpaka ikakata.

Kaka akafumbua macho. "Dada, umenizimia wimbo."

"Nimekuokolea masikio. Asante baadaye."

"Huo ni wimbo wangu mimi mwenyewe, unajua?"

"Basi ulishausikia. Waachie na wengine."

Watu wakacheka. Aliyecheka kuliko wote alikuwa jamaa mfupi mnene aliyesimama nyuma ya yule mrefu. "Waya, leo umepatikana!" akasema. "Dada, huyu ni binamu yangu, anaitwa Waya. Mimi naitwa Besi, kwa sababu ndiyo ninayopiga na ndivyo nilivyokaa. Umewahi kusikia bendi ya Nyaya Wazi?"

Nani asiyewasikia? Albamu yao ya kwanza, Bati, ilipigwa kila saluni na kila karakana mwaka mzima. Muziki wa roki wenye magita makali kama mvua juu ya paa. Lakini mpimaji hakushtushwa na umaarufu. Alikuwa anaangalia jambo jingine: kila akisema neno, Waya aligeuza kichwa kidogo na kumletea sikio la kulia.

"Sikio la kushoto lina nini?" akamuuliza.

Tabasamu la Waya likapungua. "Halina kitu."

"Njoo chumba namba saba, kliniki ya barabara ya pili, nikuhakikishie hilo halina-kitu lako." Akalipia betri zake, akaondoka. Harufu ya mafuta yake ya maua ikabaki dukani, na Waya akabaki anaiangalia kama kwamba inaonekana.

"Funga mdomo," Besi akamwambia. "Nzi ni wengi mtaa huu."

*

Waya alikuja Jumanne. Alikuja amepiga pasi, amenyoa, amenukia, watu wanne kwenye benchi la ukumbini wakageuka. Mpimaji naye, ingawa hakutaka kujikubalia, alikuwa amevaa hereni asubuhi ile, na hereni huwa havai kazini.

"Dokta, nimekuja."

"Mimi si daktari, ni mpimaji. Ingia ndani ya kibanda, keti, vaa hedifoni. Shika hiki kitufe. Ukisikia mlio, hata uwe mdogo kama mbu aliye chumba cha pili, bonyeza."

"Na nikisikia moyo wangu?"

"Huo upeleke ghorofa ya tatu."

Akamfungia mlango wa kibanda, akaketi nje kwenye mashine yake. Kati yao dirisha la kioo. Akapiga mlio, taa ya mashine ikawaka, maana yake Waya amebonyeza. Mwingine, ikawaka. Milio ilipopanda juu, taa bado ikawaka, na hapo mpimaji akashuku. Akajikuna shingo bila kupiga mlio wowote. Taa ikawaka.

Akakisogelea kipaza sauti. "Umesikia nini hapo?"

"Mlio. Mwembamba, mtamu."

"Sijapiga mlio. Nimejikuna shingo."

Waya akacheka mpaka akashika magoti. Kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza. "Basi nigeuzie kiti," akasema polepole. "Nikupe mgongo. Tupime kweli."

Walipima kweli. Walipomaliza, mpimaji alimtolea karatasi mbili, kila sikio na yake. Juu ya kila karatasi muhuri wa kliniki, namba, na neno kulia au kushoto; jina hakuna, ndiyo desturi ya kliniki ile kulinda siri za watu. Kushoto mwa mchoro milio ya chini, kulia mwake milio ya juu, na mstari mmoja umepita katikati. Mstari wa Waya ulitembea vizuri, sawasawa, mpaka karibu na mwisho. Hapo ukaanza kushuka kama mtu anayeteremka ngazi. Karatasi ya kulia uliteremka taratibu. Ya kushoto ulianguka.

"Milio ya chini unaisikia kuliko mimi," alimwambia. "Ya juu imeanza kuondoka. Ni kelele za jukwaani. Kilichoondoka hakirudi, lakini kilichobaki tunaweza kukilinda. Ndege wa asubuhi, unawasikia?"

Waya akafikiri. "Nilidhani wamehama."

Mpimaji akachukua udongo laini wa kutengenezea vizibo vya kukinga masikio na kelele, akaukanda vidoleni mpaka ukapata joto, akasimama karibu yake na kuujaza taratibu ndani ya sikio. Uso wake ulikuwa karibu kiasi cha kuona kovu dogo juu ya nyusi ya Waya. Wote wawili hawakupumua vizuri kwa dakika tatu, na si kwa sababu ya udongo.

"Nani atajua habari hii?" Waya akauliza.

"Wewe, mimi, na karatasi."

"Bendi wasijue. Albamu ya pili iko jikoni, Kitufe. Wakijua fundi wa gita hasikii, kwisha habari."

"Kitufe ni nani?"

"Wewe. 'Bonyeza kitufe, bonyeza kitufe.' Nimeota sauti hiyo nikiwa macho."

*

Jina likaganda. Simu ikawa hailali.

"Kitufe wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umepunguza sauti ya hiyo redio? Naisikia mpaka huku."

"Nimepunguza."

"Waya."

"Haya, sasa ndiyo nimepunguza. Mke mkali huyu, na hata sijamuoa!"

Nyumbani kwao Kitufe nyumba ilikuwa haina nafasi ya siri. Wadogo zake, wapwa, majirani wanaokuja kuazima chumvi na kuondoka na habari. Na juu ya wote shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita, mwanamke anayejua nani kaachana na nani kabla wenyewe hawajaambiana. "Huyo anayekupigia simu mara tisa kwa siku," shangazi akasema, "ana kazi au kazi yake ndiyo wewe?"

"Anapiga gita, shangazi."

"Nimeuliza kazi."

Lakini kazi ilikuwepo, tena ngumu. Studio yao ilikuwa nyuma ya duka la kuchapa kadi, chumba kimoja kilichobandikwa magodoro ukutani. Mwisho wa mwezi albamu ikabidhiwe, la sivyo kampuni ya kurekodi ingewaacha, na Nyaya Wazi wangebaki watu wa albamu moja, wale ambao majina yao hukumbukwa kwa kusema "hivi walipotelea wapi?" Kitufe alipokwenda mara ya kwanza kuwatembelea, alikuta Waya ameketi kwenye miksa, anaongeza ukali wa gita. Anaongeza tena. Besi kajishika masikio. Dada mpiga dramu, ambaye mchana alikuwa mwalimu wa hesabu na alizoea kelele za wanafunzi sitini, ametoka kabisa nje.

"Binamu, unatukata kama kiwembe!" Besi akalia.

"Haina makali bado," Waya akasema. "Bati ilikuwa na makali. Watu wanataka makali."

"Shemeji," Besi akamgeukia Kitufe, "wewe ni mtu wa masikio. Tuamulie. Naota mimi, au wimbo huu unatoboa?"

Kitufe alimwangalia Waya. Alijua kila kitu: Waya anaongeza kile asichokisikia, na kadiri anavyoongeza ndivyo wenzake wanavyoumia. Neno moja lingemaliza ugomvi ule. Neno lenyewe halikuwa lake.

"Mimi hapa mgeni," akasema. "Sina la kusema."

Aliyemwangalia kwa muda mrefu alikuwa fundi mitambo, mzee mwenye ndevu za mvi, wao wakimwita Mzee Kimya. Inasemekana siku ya harusi yake aliitikia kwa kutikisa kichwa. Yeye hakuuliza maswali. Ukimpa kazi, anaifanya. Ukimpa karatasi, anaifuata.

Wiki iliyofuata ugomvi ukapasuka. Besi alisema hawezi kuweka jina lake kwenye albamu inayoumiza meno. Waya akasimama. "Basi fanyeni wenyewe! Mpangilio wa nyimbo huu hapa!" Akachomoa karatasi mfukoni, akamtupia Mzee Kimya, akabamiza mlango. Alizima simu kwa wenzake siku tisa. Kwa Kitufe hakuzima, ila kila alipomwambia "waeleze tu, mpenzi wangu, ni ndugu zako," alibadilisha mazungumzo.

Siku ya nane vizibo vikawa tayari. Kitufe alivipitisha studio akidhani atamkuta amerudi. Hakumkuta, akamwachia Besi bahasha, akawahi kazini. Besi alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema, "Shemeji, wewe ni mtu na nusu!" Kitufe alidhani ni shukrani ya vizibo.

Siku ya tisa, saa nne asubuhi, simu ikalia akiwa na mgonjwa. Akatoka ukumbini.

"Umenianika," Waya akasema. Hakukuwa na Kitufe wangu, hakukuwa na salamu. "Umenianika kama nguo, mbele ya watu."

"Kuna nini?"

"Nimeingia studio. Karatasi yangu ya sikio imebandikwa juu ya miksa, kwa gundi, kila mtu anaiona. Besi ananikumbatia, ananiambia shemeji ametusaidia sana na karatasi hii, tunaufuata mstari wako mpaka mwisho. Wananicheka, Kitufe! Jana ulikuwa hapo, na nakala unayo. Umewapa."

"Sijampa mtu karatasi."

"Ikatembea yenyewe?"

"Waya, nakuambia sijampa mtu..."

"Nilikupa mgongo wangu ndani ya kile kibanda. Nilikuamini."

Akakata. Kitufe akabaki ameshika simu, watu wa benchi wanaangalia sakafu kwa adabu huku masikio yamesimama. Akapiga, haipokelewi. Akapiga tena, imezimwa. Akarudi ndani, akampima mgonjwa wake mpaka mwisho bila kukosea hata mlio mmoja. Kisha akajifungia ndani ya kibanda, mahali pekee mjini ambapo ukilia hasikii mtu.

Shangazi alijua kabla hajavua viatu. "Kakukosea, au umemkosea?"

"Ananisingizia."

"Basi usimpigie. Asiye na kosa hapigi simu ya tatu. Njoo ule." Na nyumba nzima, watu kumi na mmoja, wakala kimya kwa mara ya kwanza tangu ijengwe. Mpwa mmoja alijaribu kuuliza "shemeji Waya haji leo?" akafinywa chini ya meza.

*

Siku tatu zikapita. Ya nne, Kitufe alifungua mlango aite mgonjwa anayefuata, akamkuta Mzee Kimya kwenye benchi, kofia magotini, kati ya bibi mmoja na mwanafunzi.

Mzee akaingia, akaketi, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaiweka juu ya meza. Ilikuwa karatasi ya Waya, sikio la kulia, na alama za gundi kwenye pembe.

"Ya kushoto iko wapi?" akauliza.

"Shikamoo, mzee wangu. Ya kushoto ipi?"

Mzee akakohoa. Ilionekana alikuwa amejiandaa njia nzima. "Mchoro wa sauti. Uliotuchorea. Huu umeandikwa kulia. Spika ya kulia nimemaliza. Nyimbo zote tisa. Nataka wa spika ya kushoto."

Kitufe akaketi. "Mzee... nani alikuambia mimi nimechora?"

"Muhuri wa kliniki. Chumba saba. Shemeji ni mtu wa masikio." Akanyoosha kidole kinene juu ya mstari, kutoka milio ya chini kwenda ya juu. "Hapa chini jaza. Hapa katikati tembea. Hapa juu shusha, taratibu, kama ngazi. Nilipoona, nikasema huyu anajua. Tukashusha magita. Dramu tukaziwekea nguo. Kila kitu nimekifuata."

Akageuza karatasi aandike jambo, na Kitufe akaona upande wake wa nyuma. Mwandiko ule, wenye herufi zinazoegemea kama zina usingizi, angeutambua gizani. *Moja: Ngazi. Mbili: Nauli. Tatu: Jirani wa Juu...* mpaka tisa. Mpangilio wa nyimbo. Waya mwenyewe, na hasira zake, alikuwa ameandika nyimbo nyuma ya siri yake na kuirusha kwa mtu pekee duniani ambaye haulizi kitu.

Kicheko na kilio vikamjia pamoja.

"Sikiliza," Mzee Kimya akasema, akamkabidhi hedifoni zake mwenyewe.

Ah! Kitufe alizoea masikio, hakuzoea muziki, lakini alijua papo hapo. Utoboaji wote ulikuwa umekwisha. Sauti ya besi iliingilia miguuni, nzito, kama mtu anayehamisha kabati ghorofa ya juu. Magita hayakulia tena kama bati; yaliunguruma, mazito, yana joto, kama yanapigwa chini ya blanketi. Na juu yake sauti ya Waya, karibu, kama mtu aliyekushika bega akakuambia jambo lako peke yako. Mpaka wimbo wa tatu machozi yalikuwa yanamtiririka na mguu wake unapiga sakafu.

"Mbaya?" mzee akauliza, ameingiwa na hofu.

"Mzee wangu, ni nzuri kupita kiasi. Mwenyewe ameisikia?"

Mzee akatikisa kichwa. Waya alikuwa ameiona karatasi tu. Hakusubiri kusikia hata mpigo mmoja.

Sasa hapo ndipo ungemjua Kitufe. Ushahidi uko mkononi. Angeweza kumwambia mzee, "Huu si mchoro wa sauti, ni ugonjwa wa mtu, na mwenye ugonjwa ndiye aliyeniita msaliti." Angesafishika mji mzima kabla ya jua kuzama. Badala yake alikunja karatasi vizuri, akairudisha mkononi mwa mzee.

"Ya kushoto anayo mwenyewe. Mpelekee hii nyumbani kwake, mkononi. Mwambie maneno mawili tu: ageuze karatasi. Na nyimbo hizi umwachie."

"Maneno mawili," mzee akasema kwa shukrani. Hicho kilikuwa kipimo chake.

*

Jumapili mchana, nyumba imejaa, mmoja anasukwa nywele, wawili wanagombania chaji ya simu, mlango ukagongwa. Shangazi akafungua, mikono kiunoni. Waya alikuwa amesimama hapo na shati lile lile jeusi, safari hii vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyemkatia simu mwanangu?"

"Ndiye."

"Ulikatia kidole gani?"

Waya akainua dole gumba. Shangazi akalitazama kama anataka kuliweka rehani. "Ingia. Utazungumza hapa hapa sebuleni. Uliposema amekuanika alikuwa ukumbini mwa kliniki, watu wakajua. Sasa na sisi tusikie."

Kitufe alitoka chumbani na kitambaa kichwani, hakujipamba, na alikuwa mzuri hivyo hivyo, jambo lililomwongezea Waya matatizo. Sebule ikakaa kimya. Hata anayesukwa aliomba asukwe polepole.

"Nimegeuza karatasi," Waya akasema.

"Eeh."

"Nilisema umenianika. Kumbe nguo nimezitandaza mwenyewe, na kamba nimeifunga mwenyewe." "Mzee Kimya ameniambia uliiona, na hukumwambia ni nini. Ulikuwa na haki. Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu nilikuahidi. Ahadi haikuwa na sharti la wewe kuwa mtu mzuri."

"Toba!" akasema mpwa mmoja. Akafinywa.

"Kosa lako si hasira, Waya. Watu hukasirika. Kosa lako ni kwamba hukuuliza. Mtu mmoja hakuuliza, akatengeneza albamu. Wewe hukuuliza, ukavunja moyo wangu."

"Nisamehe. Sina utetezi."

Kisha Kitufe akauliza, kwa sababu alishindwa kujizuia: "Umeisikiliza?"

Uso wa Waya ukafunguka wote. "Yote tisa. Mara sita. Kitufe, tangu mwaka juzi nilikuwa nakisia nyimbo zangu mwenyewe. Hii naisikia. Yote! Mzee ameondoa kila nilichopoteza, na kilichobaki kimejaa mpaka juu. Nimewaita wote jana nikawaambia kweli. Karatasi mbili, kulia na kushoto, nimezibandika mwenyewe."

"Wakasemaje?"

"Mwalimu wa hesabu alilia. Besi aliniambia, 'Binamu, miezi yote ile ulikuwa husikii na sisi tunadhani unaringa?' Akanikumbatia, karibu anivunje mbavu. Halafu Mzee Kimya akauliza kama nina karatasi nyingine za albamu ya tatu."

Sebule nzima ikalipuka kwa kicheko, na Kitufe naye akacheka, na alipocheka kila mtu mle ndani alijua hukumu imeshatolewa, isipokuwa Waya.

"Sijakusamehe," akasema. "Siku ya uzinduzi utavaa vizibo. Ukivaa, nitafikiri."

"Nitavaa mpaka bafuni!"

"Mletee kiti huyo," shangazi akasema. "Amesimama kama nguzo ya umeme."

*

Albamu ikakabidhiwa zikiwa zimebaki siku mbili. Wakaiita Mstari, na kwenye jalada hawakuweka sura zao. Waliweka mchoro wenyewe, mweupe juu ya weusi, unatembea na kushuka. Uzinduzi ukafanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa michezo, jua linaingia madirishani, watu wamesimama mpaka kwenye ngazi za nje. Shangazi alikuja na nyumba nzima, safu ya mbele, amevaa zambarau kuanzia kilemba mpaka viatu.

Waliotaka Bati la pili walianza kupaza sauti: "Makali! Makali!" Waya akasogea kwenye maiki, jasho usoni, akageuza kichwa pande zote mbili ili vizibo vya buluu vionekane.

"Makali yalinila masikio," akasema. "Hili ni jambo la kweli, sioni haya. Albamu hii ni vile ninavyosikia mimi. Sikieni na nyie."

Kisha Besi akagusa uzi mmoja. Ukumbi wote uliusikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Watu walitazamana. Magita yakaingia chini, mazito, yenye joto. Dramu zikatembea kama moyo wa mtu anayepanda ngazi. Na kabla wimbo wa kwanza haujafika nusu, ukumbi ulikuwa unayumba kama kitu kimoja. Waliopiga kelele za makali ndio waliokuwa wa kwanza kuimba kiitikio. Shangazi alisahau umri wake. Watoto waliketi sakafuni, viganja chini, wanausikiliza muziki kwa mikono. Na hakuna hata mmoja, hata mmoja, aliyeziba masikio. Kitufe alihesabu, hiyo ni kazi yake.

Wimbo wa mwisho ulipokwisha, makofi yalikataa kwisha. Waya alimtafuta kwa macho, akajigusa kizibo cha kulia, kama mtu anayegusa kofia kumsalimu mkubwa.

Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, alikuja chumba namba saba. "Leo mimi ndiye mpimaji. Ingia wewe."

"Una wazimu? Nina wagonjwa benchini."

"Wamenikubalia. Ingia, mpenzi."

Akaingia, akavaa hedifoni, akashika kitufe. Upande wa pili wa kioo Waya aliketi kwenye kiti chake, kwa heshima zote, akasogeza kipaza sauti.

"Nilikuwa mjinga. Ukisikia, bonyeza."

Akabonyeza mara tatu.

"Bado naongeza redio nikiwa peke yangu."

Akabonyeza kwa nguvu.

Waya akapunguza sauti. "Siku moja huenda nisisikie kitu." Akapunguza tena. "Siku hiyo nataka niwe naiona midomo yako." Akapunguza mpaka ikabaki pumzi, mbu aliye chumba cha pili. "Utakubali nikuoe?"

Ndani ya kibanda hakuna sauti ya dunia inayoingia. Kitufe alisikia damu yake mwenyewe. Alitazama kioo: mlango wa chumba ulikuwa umesukumwa, na vichwa vimejipanga juu hadi chini, wagonjwa wanne, Besi, mwalimu wa hesabu, wapwa wawili ambao walipaswa kuwa shuleni, na shangazi mbele ya wote, hasikii neno lolote na anataka kufa kwa kutosikia.

Akamsubirisha mwenzake sekunde tano nzima. Alistahili.

Kisha akabonyeza, na hakuachia. Taa ya mashine ikawaka, ikakaa. Kelele zilizopigwa ukumbini zilifika ghorofa ya tatu, wakateremka kuuliza kuna nini. Nyuma ya wote Mzee Kimya alichungulia ile taa isiyozimika, akavua kofia, akasema maneno matatu, na kwake huo ulikuwa wimbo mzima:

"Hiyo imesikika vizuri."